Ramani Inayochorwa Chini

Jumapili ya tarehe 2 Aprili 2023, mchana, kina mama wa Bulwa wilayani Masisi, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, walikuwa kijitoni chini ya mlima, wakifua nguo na kuosha vyombo, watoto wakiwa kando yao. Udongo ukaporomoka ukawafunika. Walikufa watu wapatao 20, karibu wote wanawake na watoto.

Siku 32 baadaye ikawa zamu ya majirani. Kalehe, iliyo kusini mwa Masisi, ni Kivu Kusini kwa ramani ya serikali, lakini vilima ni vilevile na mvua ni ileile. Alhamisi ya tarehe 4 Mei ilikuwa siku ya soko Nyamukubi, na watu walikuwa wameshuka na mizigo yao kutoka vijiji vya juu. Mito ikaja na mawe na magogo, ikafagia Nyamukubi na Bushushu. Miili zaidi ya 400 ilizikwa, mingi katika makaburi ya pamoja, na wengine wengi hawakuonekana tena. Mgeni wa sokoni hamo katika daftari la mkuu wa kijiji, na kwa hiyo hesabu ya waliopotea haikuweza kukamilika. Tarehe 8 Mei nchi nzima iliomboleza.

Kinachoniuma zaidi katika habari hii ni tarehe nyingine. Mnamo Oktoba 2014 mafuriko yalikuwa yameua makumi ya watu katika vijiji hivyohivyo viwili. Waliookoka walijua maji yalipita wapi. Wangeweza kukuonyesha kwa kidole, mti kwa mti, jiwe kwa jiwe. Hata hivyo soko lilirudi kando ya mto, na nyumba zikasimama tena juu ya udongo ulioletwa na mafuriko yenyewe. Wenyeji hawakusahau. Walirudi kwa sababu shamba lilikuwa pale, barabara ilikuwa pale, Ziwa Kivu lilikuwa pale, na ardhi nyingine ilikuwa ya mtu mwingine.

Nimesimulia ya Kalehe kwa sababu yaliyotokea kule ndiyo yanayoinyemelea Masisi kila msimu wa mvua. Na Masisi ikiporomoka, wilaya jirani ya Walikale hupokea. Mto Oso hutoka kwenye vilima vya Masisi, ukaingia katika misitu ya Walikale na kujiunga na Lowa, na Lowa huenda kumwaga maji yake katika Lualaba. Udongo mwekundu unaoukuta mtoni Walikale ulikuwa shamba la mtu huko juu. Mpango wowote wa kujijenga upya baada ya mafuriko unaoishia kwenye mpaka wa wilaya umekwisha kabla haujaanza, kwa kuwa maji hayasimami mpakani kuonyesha kitambulisho.

Kwanza tuseme ukweli kuhusu mteremko. Ukifika Masisi mara ya kwanza, hasa asubuhi ukungu unapoinuka, utadhani umefika nchi ya picha: vilima vya majani mafupi, ng'ombe wamelala, na jibini ya duara inayosafirishwa hadi Goma na mbali zaidi. Vilima hivyo vilikuwa msitu. Kati ya mwaka 1937 na 1955 serikali ya Kibelgiji iliendesha mpango rasmi wa kuhamishia huku familia kutoka Rwanda, na mashamba makubwa ya wazungu yakafunguliwa. Kisha ikaja sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyotangaza kwamba ardhi yote ni mali ya dola. Kuhusu ardhi zinazoshikwa kwa mila, kifungu cha 389 kiliahidi kwamba Rais angetoa amri ya kuzipangia utaratibu. Miongo ikapita bila amri hiyo. Mwenye kujua njia ya ofisini alipata hati. Mwenye kujua mipaka ya babu yake alibaki na maneno. Kufikia mwaka 1991, familia 512 zilikuwa zimeshika asilimia 58 ya ardhi iliyokuwepo Masisi.

Waliobaki walipanda juu. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea tunapomlaumu mkulima kwa kulima mahali penye mwinuko mkali. Mwinuko ndio uliobaki. Bonde lina waya na ng'ombe; yeye amepewa ukingo.

Watafiti wa Ubelgiji na wenzao wa eneo hili walichunguza maelfu ya maporomoko katika ukanda wa Kivu, wakaona jambo ambalo kila mpangaji angepaswa kulijua kwa moyo. Msitu ukikatwa mlimani, hatari haiji siku hiyo. Mizizi hukaa ardhini ikioza polepole, na kadiri inavyooza ndivyo udongo unavyopoteza kamba zilizoufunga kwenye mwamba. Wimbi la maporomoko hufuata, likadumu kwa karibu miaka 15, na udongo unaoondoka huongezeka mara mbili hadi mara nane. Maana yake ni kwamba mtoto anayezaliwa mwaka ambao kilima kimefyekwa ataishi utoto wake wote chini ya kilima kinachojiandaa kushuka. Aliyekata huenda amekwisha kuhama. Na katika Masisi, ambako vita vimewahamisha watu mara ngapi sijui, anayelala chini ya kilima mara nyingi ni mkimbizi aliyefika jana, asiyejua kilifyekwa lini.

Kwa hiyo swali la kwanza la mkutano wa kijiji baada ya mafuriko lisiwe ni nyumba ngapi zimebomoka. Hilo mashirika yatalihesabu yenyewe, tena kwa haraka. Swali la kwanza ni: kilima kile kilikatwa mwaka gani? Wazee watabishana. Mmoja atakumbuka kwa mwaka wa ndoa yake, mwingine kwa vita fulani, mama mmoja kwa mtoto aliyezaa wakati makaa yalipokuwa yakichomwa pale. Waacheni wabishane. Katika ubishi huo ndimo inamopatikana ramani ya hatari ambayo hakuna setilaiti inayoweza kuichora peke yake.

Ramani ya namna hii haianzi kwenye karatasi. Huchorwa chini, uwanjani, kwa kijiti. Mto huwekwa kwa majivu, barabara kwa mchanga, nyumba kwa kokoto, shamba la kila ukoo kwa majani ya aina yake. Faida yake ni moja lakini kubwa: asiyejua kusoma anaweza kuinama na kusogeza kokoto. Karatasi ina mwenye kalamu, na mwenye kalamu ndiye mwenye neno la mwisho. Chini, kila mtu ana mkono. Baada ya siku mbili au tatu, yaliyokubaliwa yakinakiliwa kwenye karatasi na vijana wenye simu wakatembea mipaka, ndipo ramani itakapokuwa na ndugu yake wa ofisini.

Lakini ni nani ameitwa uwanjani? Nimesoma ripoti nyingi zinazosema kwamba jamii ilishirikishwa, na nikitazama orodha naona mwami, wazee, mchungaji, mwalimu na mwenyekiti wa vijana. Hawa wote ni watu wema. Hakuna hata mmoja wao anayeteka maji saa kumi na moja asubuhi. Waliokufa Bulwa walikuwa wanawake na watoto kwa sababu wao ndio walio mtoni kila siku. Wao ndio wanaoona maji yakibadilika rangi, kijito kikikauka ghafla bila sababu, ufa mpya ukifunguka juu ya njia. Kijito kinachonyamaza ghafla katikati ya mvua ni ishara kwamba kuna kitu kimeziba huko juu, na ziwa dogo linajaa nyuma ya kizuizi hicho. Mama anayejua hilo anastahili kusikilizwa kabla ya mhandisi.

Kuna wengine ambao hawaitwi: mpangaji asiye na shamba, mkimbizi wa ndani, na Wambuti, ambao katika Walikale wameujua msitu kabla ya wote. Sheria ya Kongo ya tarehe 15 Julai 2022 imewapa watu wa asili kama Wambuti ulinzi. Ulinzi huo ni maneno matupu mpaka siku mmoja wao atakaposogeza kokoto kwenye ramani na kokoto hiyo ikaachwa pale alipoiweka.

Wanyanga wa Walikale, katika utendi wao wa Mwindo, wanamweka Mukiti, nyoka mkubwa wa maji, kuwa bwana wa dimbwi la mto. Silichukui hili kama hadithi ya kumlaza mtoto. Mahali ambapo wazee walisema pana mwenyewe, watu hawakujenga wala hawakulima, na ukizitazama sehemu hizo leo, mara nyingi ni vinamasi, makutano ya mito, mabonde ambamo mto hupanuka ukikasirika. Mpango wa leo ungefanya vyema kuuliza sehemu hizo ni zipi kabla ya kuagiza vipimo.

Vipimo navyo vinahitajika, na hapa kuna aibu ya pamoja. Baada ya maafa ya Mei 2023, ambayo katika wiki hiyohiyo yaliua watu zaidi ya 130 upande wa Rwanda, wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walijaribu kupima mchango wa mabadiliko ya tabianchi katika mvua zile kandokando ya Ziwa Kivu. Walishindwa. Data za mvua zilikuwa chache na hazikuafikiana. Watu zaidi ya 500 wamekufa, na dunia haiwezi kusema kwa hakika mvua ilikuwa kiasi gani juu ya vichwa vyao.

Kipimo cha mvua si kitu cha ajabu. Ni chombo cha kukinga maji chenye alama za milimita, kinachosomwa kila asubuhi saa ileile na mtu mwenye daftari. Shule ya msingi inaweza kukitunza, zahanati inaweza, parokia inaweza. Huko Rwenzori, Uganda, tangu mwaka 2017 wenyeji wapatao 15 wamefunzwa kutumia simu kuandikisha maporomoko, mafuriko na majanga mengine ya vijiji vyao, na takwimu zao zimesaidia kujaza pengo ambalo hakuna ofisi iliyoweza kulijaza. Mlima wao na milima ya Masisi iko katika bonde la ufa lilelile. Kipimo kikiwa juu Masisi na redio au simu ikiwa chini Walikale, mtu wa ukingoni mwa Oso anaweza kupata saa chache za kuwatoa watoto. Saa chache ni nyingi sana kwa aliye na miguu.

Sasa kazi yenyewe ya kuushika mteremko. Wabelgiji waliwahi kuijua kazi hii: walilazimisha wakulima wa Kivu kupanda matuta ya majani kukata mteremko na kuchimba mifereji ya kushika maji. Kitaalamu haikuwa mbaya. Ilikuwa ni amri, yenye faini na kiboko nyuma yake, na uhuru ulipokuja matuta mengi yaliachwa au yakang'olewa, kwa kuwa kuyang'oa kulikuwa sehemu ya kuwa huru. Rais Mobutu naye alileta salongo, kazi ya pamoja ya kila wiki kwa taifa. Neno likabaki, lakini likachafuka. Katika sehemu za Masisi, salongo leo ni zile siku ambazo asiye na ardhi humfanyia kazi mwenye ardhi ili aruhusiwe kulima kipande. Na wenye silaha nao hulitumia wanapowatoa raia nyumbani kuwabebea mizigo na kuwachimbia barabara. Ukisimama mbele ya watu hawa ukatangaza kwamba baada ya mafuriko kutakuwa na salongo ya kupanda miti, usishangae wakiinamisha vichwa. Wamesikia neno hilo kutoka vinywa vingi.

Ndiyo maana naamini kwamba mpango wa kufufua mteremko hauwezi kutenganishwa na makubaliano kuhusu mteremko ni wa nani. Mti ni ahadi ya miaka minane au kumi. Mpangaji anayeweza kufukuzwa baada ya kuvuna maharagi hana sababu ya kupanda mti atakaokata mwingine. Tena katika sehemu nyingi mwenye shamba humkataza kupanda, akijua kwamba mti ni dai la umiliki. Mradi wa EcoMakala, ulioanzishwa na WWF mwaka 2007 kuwawezesha wakulima wa Kivu Kaskazini kupanda miti ya makaa, umewafaa zaidi wale walio na kipande chao cha kupanda. Asiye na ardhi amebaki kutazama.

Yanawezekana makubaliano madogo, na madogo ndiyo ninayoyaamini. Mwenye malisho anakubali ukanda wa mita kadhaa juu ya kijito upandwe mianzi na matete, ng'ombe wasiingie. Matete yakikatwa, nusu ni chakula cha ng'ombe wake, nusu ni ya mbuzi wa waliopanda. Mpangaji anaandikiwa misimu sita badala ya mmoja, mbele ya mkuu wa kijiji na mashahidi, kwa sharti la kutunza matuta. Hakuna anayegeuka kuwa mwenye ardhi. Hakuna anayepoteza. Lakini kuna mtu wa kuamka usiku mvua ikipiga ili kuangalia kama mfereji umeziba.

Walikale ina bahati moja ambayo Masisi haina. Msitu bado upo, na kwa msitu sheria imefungua mlango. Kanuni ya misitu ya mwaka 2002, ikifuatiwa na amri ya tarehe 2 Agosti 2014, inaruhusu jamii ya wenyeji kupewa msitu wake wa kimila, hadi hekta 50,000, bila malipo na bila ukomo wa muda. Ili kuupata, jamii lazima ikubaliane na majirani kuhusu mipaka, ichore ramani, ipeleke maombi hadi kwa gavana, na iunde vyombo vyake: mkutano wa jamii nzima, kamati ya usimamizi, kamati ya ukaguzi, na baraza la wazee wa busara. Kisha iandike mpango wa matumizi: hapa tutalima, hapa tutawinda, hapa hatugusi. Jamii kadhaa za Walikale zimekwisha kupita njia hii.

Sijaona mtu akiuita mpango huo mpango wa mafuriko, lakini ndio huo. Msitu unaoachwa kwenye vyanzo na kwenye kingo za Lowa hufanya kazi ambayo kuta za mawe zingegharimu mamilioni kuifanya. Na jamii iliyokwisha kubishana na majirani kuhusu mpaka wa msitu, ikamaliza ubishi bila damu, inajua namna ya kukaa kikao. Ujuzi huo ni adimu kuliko saruji.

Watu wengine watalazimika kuhama. Hili ndilo neno gumu, na serikali nyingi hulitamka haraka mno. Tarehe 1 Machi 2010 mlima ulikifunika kijiji cha Nametsi, Bududa, mashariki mwa Uganda, na mamia wakafa. Serikali iliwapeleka manusura Kiryandongo, mbali sana na Mlima Elgon, mahali pakavu zaidi, miongoni mwa watu wa lugha nyingine. Baadhi walikaa. Baadhi walirudi mlimani kwenye kahawa yao, migomba yao na makaburi yao, chini ya hatari ileile, na mlima ukaua tena Oktoba 2018. Hawakurudi kwa upumbavu. Walipewa usalama wakanyang'anywa maisha, na mtu akilazimishwa kuchagua kati ya hivyo viwili atachagua kile anachokula leo.

Ramani iliyochorwa chini ingeonyesha njia ya kati: lala kule, lima huku. Nyumba zihamie kwenye bega la kilima umbali wa kutembea, shamba la bondeni libaki shamba, soko lisogee hatua mia tano kutoka mtoni. Kule Masisi bega hilo mara nyingi limo ndani ya malisho ya mtu mwenye hati. Basi tunarudi palepale, na sioni njia ya kulikwepa swali la ardhi: mwenye hati naye lazima aje kwenye mkutano, aketi kwenye benchi lilelile.

Fedha? Zipo nyingi kuliko inavyosemwa. Walikale ina Bisie, mojawapo ya migodi tajiri zaidi ya bati duniani. Masisi ina koltani ya Rubaya. Kanuni ya madini ya mwaka 2018 inaagiza asilimia 15 ya mrabaha iende kwa usultani au sekta ambamo mgodi umo. Sheria ya mwaka 2008 tayari ilikuwa imezipa sekta na usultani mamlaka ya kupanga maendeleo yao. Kinachotakiwa ni kwamba mpango wa kijiji, wenye matuta yake na vipimo vyake vya mvua, uingizwe katika mpango wa sekta kabla fedha hazijafika, kwa sababu fedha zikifika bila kukuta mpango, huwa na miguu.

Kina mama wenyewe hawangoji asilimia 15. Vikundi vya kuweka na kukopa vimeenea Kivu nzima, vikiwa na sanduku la kufuli tatu, funguo zikiwa mikononi mwa watu watatu tofauti, na mfuko mdogo kando kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Kila wiki wanakutana, kila wiki wanahesabu mbele ya wote. Ningependa mpango wa mafuriko utunzwe namna hiyo: nakala tatu, nyumba tatu, na siku ya kuusoma kwa sauti.

Nasema nakala tatu kwa sababu ya vita. Tangu Mei 2021 Kivu Kaskazini imekuwa chini ya hali ya dharura, askari na polisi wakishika ofisi za raia. Januari 2025 mji wa Masisi uliingia mikononi mwa waasi wa M23, Goma ikafuata tarehe 27 mwezi huohuo, na Walikale mjini tarehe 19 Machi, kabla waasi hao hawajaondoka pale mwanzoni mwa Aprili. Katika muda kama huo ofisi huchomwa, mafaili huraruliwa kuwashia moto, na ofisa aliyepokea mpango wenu hayupo tena. Mpango uliohifadhiwa ofisini peke yake unakufa pamoja na ofisi. Ulio kichwani mwa watu 40 waliosogeza kokoto unakimbia nao hadi kambini, unarudi nao, na wakifika wanajua waanzie kijito kipi.

Na mpango huo una kalenda yake. Mvua kubwa hupungua Juni, na kiangazi hakidumu: kufikia Septemba mawingu yamerudi. Mche wa mti kama mgrevilea unahitaji miezi mitatu hadi mitano kitaluni kabla ya kustahimili mteremko. Kwa hiyo mbegu lazima ziwe udongoni ifikapo Mei, mtu wa kuzimwagilia awe amekubaliwa, na mwenye malisho awe amekwisha kusema ndiyo.